Sigara Nje ya Lango la Kiwanda

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, Malampaka na vijiji vinavyouzunguka mji huo mdogo wa wilaya ya Maswa, kando ya reli iendayo Mwanza, huwa na pilikapilika. Malori hubeba pamba mbegu kuelekea viwandani, na vijana kwa watu wazima hutafuta kibarua cha kupakua, kulisha mitambo na kufunga marobota. Katika viwanda vya kuchambua pamba ipo amri isiyo na mjadala: hakuna kuwasha sigara. Sababu yake ni moto. Cheche moja yaweza kuteketeza ghala zima kabla watu hawajapata hata ndoo ya maji.

Mvutaji huitii amri hiyo. Wakati wa mapumziko hutoka nje ya lango, hununua sigara moja kwa mchuuzi, huivuta upesi upesi na kurudi kazini. Pamba imesalimika, mapafu yake, hapana mtu aliyeyaulizia.

Na mapafu hayo yamebeba mzigo wa pili. Vumbi la pamba huweza kusababisha ugonjwa wa njia ya hewa uitwao bisinosi, ambao dalili yake ya awali ni kifua kubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha kupata nafuu kadiri wiki inavyoendelea. Mfanyakazi anayevuta sigara huathirika zaidi na vumbi hilo kuliko mwenzake asiyevuta. Uvutaji pia huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu. Kwa hiyo mtu anapofika zahanati akikohoa, maswali mawili yafaa yaulizwe pamoja: unafanya kazi gani, na je, unavuta? Mara nyingi hata hilo la pili husahauliwa.

Kwa nini basi asiache tu? Nikotini hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde chache tangu moshi uvutwe, na kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Zamu ya asubuhi haijafika katikati, na tayari mvutaji ana hasira, hatulii, mawazo yake yako langoni. Hali hiyo vijana huiita arosto. Huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo baada ya kuacha, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Msimamizi asiyelijua jambo hili humwona mtu huyo kuwa mvivu au mkorofi, naye hurudia sigara ili asifukuzwe.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini Tanzania, yaani kama watu milioni 2.6, walikuwa wakitumia tumbaku, wengi wao wakiwa wanaume. Nchi ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, na mwaka 2007 ilijiunga na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Ibara ya 14 ya mkataba huo hutaja mahali pa kazi, sambamba na shule na vituo vya afya, kuwa mahali pa kuendeshea mipango ya kuwasaidia watu kuacha. Katazo, kwa maneno mengine, ni nusu tu ya kazi.

Nusu ya pili imepimwa kwingineko. Ushauri wa ana kwa ana, vikundi vya kusaidiana na dawa huleta matokeo kazini kama yanavyoleta hospitalini. Vijitabu peke yake huleta kidogo mno. Nchini Marekani, wafanyakazi 878 wa kampuni ya General Electric waligawanywa makundi mawili: wote walipewa maelezo kuhusu huduma za kuacha, na kundi moja likaahidiwa pia fedha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa asilimia 14.7 ya walioahidiwa fedha walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 5.0 ya wenzao. Tofauti ni kubwa. Lakini tazama pia upande wa pili wa hesabu hiyo. Hata kwa msaada na zawadi, walio wengi walishindwa mara ile. Kurudia sigara ni jambo la kutarajiwa katika uraibu, wala halistahili karipio.

Kiwanda cha Simiyu hakifanani na General Electric. Wafanyakazi wake wengi ni vibarua wa msimu, na kibarua hawezi kumwambia nyapara kuwa ana uraibu ilhali kazi yake ya kesho haina uhakika. Hapo ndipo mpango wowote utakaposimama au kuanguka. Anayeuliza awe mwuguzi au mhudumu wa afya wa jamii, pembeni, na majina yasifike ofisini. Vibandiko na bigijii za nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, lakini kuwamo orodhani si kuwamo katika duka la dawa la mjini. Mwajiri anayenunua barakoa za vumbi anaweza kuzipangia bajeti dawa hizi vilevile. Ushauri wa dakika tatu hauhitaji bajeti.

Kwa mvutaji mwenyewe, siku ya kuanza ichaguliwe mapema, mwenzi wa zamu aambiwe, na mapumziko yatumiwe mbali na lango, pamoja na wasiovuta. Hamu inapopanda, maji na matembezi mafupi husaidia, kwani kila wimbi la hamu hupita baada ya dakika chache. Akiteleza, achague siku nyingine. Mhudumu naye amwulize tena mwezi ujao, na tena msimu mpya utakapofunguliwa.