Afya: Macho ya fundi cherehani nayo yanahitaji kupumzishwa

Fundi cherehani anayetunga uzi sindanoni, msusi wa vikapu vya agaseke na mwanafunzi aliyeinamia simu usiku wanafanana kwa jambo moja: wote hutazama kitu kilicho karibu kwa saa nyingi mfululizo. Ifikapo jioni macho huwasha, kichwa huuma, na mishono au herufi huonekana kama zimefunikwa na ukungu. Hali hiyo huitwa uchovu wa macho.

Ndani ya jicho mna lenzi iliyozungukwa na msuli mdogo. Mtu atazamapo mbali, msuli huo hulegea. Atazamapo karibu, hujikaza. Ukikaa umejikaza muda mrefu huchoka, kama mkono ulioshika ndoo bila kuitua. Aidha, mtu aliyekazia macho kazi yake hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na hivyo uso wa jicho hukauka.

Wataalamu wa macho hushauri kanuni iliyo rahisi kukumbuka: kila baada ya dakika 20, mtu atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Fundi anayeshonea barazani anaweza kuutazama mti ulio ng'ambo ya barabara kila amalizapo upande mmoja wa vazi, huku akipepesa kope taratibu. Inafaa pia aketi mahali ambapo mwanga hauzuiwi na kivuli cha mkono wake.

Hata hivyo, mapumziko hayatatui kila tatizo. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake. Fundi akishindwa kutunga uzi huweza kudhani kwamba macho yake yanakufa, akaiacha kazi iliyomlisha kwa miaka mingi, ilhali mara nyingi anachohitaji ni miwani ya kusomea tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha wachuma chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi katika jimbo la Assam nchini India, ulionyesha kwamba ongezeko la uchumaji wa waliopewa miwani lilizidi lile la wenzao ambao hawajapewa kwa takriban asilimia 22.

Nchini Rwanda, wauguzi wa vituo vya afya wamepewa mafunzo ya kupima macho na kutoa miwani ya aina hiyo, hivyo hatua ya kwanza si lazima iwe safari ya hospitali kuu.

Lakini jicho likiuma sana na kuwa jekundu, uoni ukipotea ghafla, au duara za rangi zikionekana kuzunguka taa, mgonjwa asingojee mapumziko yamponye. Afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwani uoni uliopotea kwa kuchelewa huenda usirudi tena.