Skizofrenia: Mfanyabiashara uliye safarini, nawe umo kwenye timu ya tiba

Tuseme mama mmoja wa Kyela anapeleka mchele Tunduma kila baada ya wiki mbili. Biashara ikienda vizuri anarudi siku ya tatu. Wateja wa ng'ambo ya Nakonde wakichelewesha kwacha, anaweza kukaa huko wiki nzima. Nyumbani amemwacha kijana wake wa miaka 22 mwenye skizofrenia, anayechomwa sindano kila baada ya wiki nne. Mama ndiye anayekumbuka tarehe, ndiye anayetunza kadi ya kliniki, na nauli ya kwenda hospitali inatoka mfukoni mwake. Mwezi huu tarehe imeangukia siku ambayo yeye yuko mpakani.

Mfano huu nimeutunga, lakini wasomaji wa gazeti hili hawatashindwa kumwona jirani yao ndani yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 23 duniani wana skizofrenia, karibu mtu 1 katika kila 345. Mara nyingi ugonjwa huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya 20, umri uleule ambao mzazi anaanza kumwamini kijana na kumpa mzigo wa kwanza akauze mwenyewe.

Dalili zinazoogopesha watu zinajulikana: mgonjwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini kwamba jirani anamtilia sumu, au maneno yake hayashikani. Zipo nyingine za kimya. Kijana anaacha kuoga, haongei, anashinda amelala, na kazi aliyoiweza mwaka jana leo haimalizi. Hapo ndipo familia nyingi hukosea, kwa sababu wanamwita mvivu na kumgombeza, wakati huo nao ni ugonjwa uleule.

Watu wengi wakisikia kliniki ya magonjwa ya akili wanafikiria daktari mmoja na dirisha la dawa. Kliniki inayofanya kazi yake sawasawa ina watu zaidi. Daktari bingwa ndiye anayethibitisha ugonjwa na kuchagua dawa, lakini katika nchi zetu mabingwa ni wachache, na mtu ambaye mgonjwa atamwona mara nyingi zaidi ni muuguzi. Muuguzi ndiye anayechoma ile sindano ya mwezi, anayepima uzito, na anayegundua kwamba mkono umeanza kutetemeka. Ofisa ustawi wa jamii anashughulika na yaliyoachwa nyumbani: nani anaishi na mgonjwa, nani analipa nauli, kuna ugomvi gani. Mahali penye mtaalamu wa saikolojia, yeye huzungumza na mgonjwa kuhusu namna ya kuishi na zile sauti ambazo dawa haikuzimaliza. Na pale penye mtaalamu wa tiba kwa kazi, mgonjwa anarudishwa polepole kwenye mambo ya kila siku, kama kupika, kulima bustani, kuhesabu chenji.

Suala la madhara ya dawa lisipitwe haraka, kwa sababu hapo ndipo tiba nyingi huvunjika. Baadhi ya dawa za kundi hili zinaweza kukakamaza misuli ghafla, hasa siku za mwanzo: shingo inapinda, macho yanageuka juu, ulimi unakuwa mzito. Ndugu asiyeambiwa mapema ataapa kwamba mtoto amepandwa na mashetani au hospitali imemlisha sumu, na dawa zitaishia jalalani. Kumbe hali hiyo inatulizwa kwa dawa nyingine ambayo kliniki inaijua vizuri. Inatakiwa mtu amwahishe mgonjwa hospitali, asimfungie ndani. Muuguzi anayetumia dakika kumi kumweleza mzazi jambo hili siku ya kwanza ameokoa miezi ya matibabu.

Hapa ndipo utafiti unapoingia, na upo mmoja uliofanyika karibu kabisa na barabara ya wafanyabiashara wetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliandaa mpango walioupa jina la KUPAA, kifupi cha Kuwezeshana Kupata Uzima. Waliujaribu katika hospitali mbili, ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam na ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni kama kilomita 100 tu.

Katika mpango huo mgonjwa anaingia pamoja na ndugu yake. Familia kadhaa zinakaa kundi moja, zinafundishwa ugonjwa ni nini na dawa hufanya nini, kisha zinaweka matatizo yao mezani na kutafuta njia pamoja. Waliopata vikao hivyo walilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida peke yake, maana bila kulinganisha huwezi kujua kilichosaidia. Wazo lenyewe halikuanzia kwetu. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba familia ikielimishwa sambamba na dawa, ugonjwa hurudi mara chache zaidi. Kazi ya Mbeya na Dar es Salaam ilikuwa kulijaribu kwa lugha yetu na kwa maisha yetu, ambako mlezi wa mgonjwa anaweza kuwa shangazi muuza ndizi.

Najua neno utafiti linawashtua baadhi ya watu, kana kwamba mgonjwa anageuzwa panya wa maabara. Utafiti wa kitabibu unaofuata taratibu hupitiwa na kamati ya maadili, na mshiriki huelezwa kila kitu kabla ya kukubali. Ana haki ya kukataa, na ana haki ya kujitoa katikati bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Ukiona hujaelezwa hayo, uliza. Timu nzuri haichukii maswali.

Turudi kwa mama wa mchele. Kama mpango huo unavyoonyesha, ndugu anahesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Ndiye anayeona dalili za kwanza kwamba ugonjwa unarudi, kabla ya daktari: usiku wa pili bila usingizi, kunong'ona peke yake, kukataa chakula kilichopikwa na mtu fulani. Sasa kama ndugu huyo yuko njiani nusu ya mwezi, jicho hilo halipo. Kliniki haiwezi kulijua hilo isipoambiwa, na nadhani wengi hatusemi kwa kuogopa kuonekana tumemtelekeza mgonjwa.

Semeni. Muuguzi akijua ratiba ya safari zako, yeye na daktari wanaweza kuangalia kama tarehe ya sindano inaweza kupangwa upya, au kama vidonge vinafaa kubadilishwa na sindano. Mtaje mtu wa pili nyumbani, aende nawe kliniki angalau mara moja akaonekane sura, na kadi ibaki kwake unaposafiri. Mgonjwa mwenyewe asisahauliwe katika mipango hii. Akiwa ametulia anaweza kueleza vizuri kuliko yeyote ni dalili gani humjia kwanza na angependa nani amshike mkono siku hiyo.

Wapo pia wafanyabiashara ambao ndio wagonjwa, wanameza dawa na kuvuka mipaka kama kawaida. Kwao, jina la kibiashara la dawa linaweza kubadilika ukivuka mpaka, kwa hiyo daktari aandike jina la dawa yenyewe na kipimo chake kwenye barua yenye muhuri. Dawa zibaki kwenye pakiti yake, ndani ya mkoba wa mkononi. Ziwe na akiba ya siku kadhaa kupita siku za safari. Zikiisha ukiwa mbali, hospitali za magonjwa ya akili zipo: Mathari jijini Nairobi, Butabika Kampala, Ndera Kigali, Kamenge Bujumbura, Sosame Bukavu, Mirembe Dodoma, Chainama Lusaka, na Zomba kwa wanaoingia Malawi kupitia Kasumulu. Barua ile itamsaidia daktari wa huko aendelee pale mwenzake alipoishia.

Na kabla ya kupakia magunia, mama apige simu kliniki. Sindano ya kijana ni Alhamisi. Leo ni Jumatatu, na shangazi yupo nyumbani.