Msongamano Langoni mwa Shule: Nadharia ya Foleni Yatufundisha Nini?

Kila siku ya masomo, kengele ya mwisho inapolia, malango ya shule nyingi za mijini hugeuka kuwa mahali pa vurugu. Katika jiji la Dar es Salaam, kwa mfano, hapo hukutana magari ya wazazi, mabasi ya shule, bajaji, bodaboda, wauza barafu na karanga, pamoja na mamia ya watoto wanaorejea nyumbani kwa miguu. Mzazi mmoja huegesha katikati ya njia akimngoja mwanawe. Wa pili hupiga honi. Wa tatu hurudi kinyumenyume pasipo kuona vema kilicho nyuma yake. Mlinzi hupaza sauti akitaja majina, na mwalimu wa zamu hupotewa na hesabu ya mtoto yupi amechukuliwa na nani.

Watu wengi husema kwamba chanzo cha adha hii ni utovu wa adabu wa madereva, au ufinyu wa barabara. Sababu hizo zipo, lakini si za msingi. Hesabu huonyesha kwamba hata madereva waungwana, katika barabara pana, wangekwama vile vile endapo utaratibu wa kuwakabidhi watoto ungebaki kama ulivyo.

Elimu iliyoanzia katika simu

Elimu inayohusika hapa huitwa nadharia ya foleni. Mwasisi wake ni Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1878. Mwaka 1908 Erlang aliajiriwa na kampuni ya simu ya mji wa Copenhagen. Siku hizo simu ziliunganishwa kwa mkono, na kampuni ilitaka kujua ni njia ngapi za simu na wafanyakazi wangapi wangetosha ili wateja wasingoje mno. Makala yake ya kwanza juu ya suala hilo ilitoka mwaka 1909. Tangu hapo nadharia hiyo imetumika bandarini, hospitalini, katika mabenki na katika kompyuta.

Kwa mujibu wa nadharia hii, foleni yoyote hutawaliwa na mambo matatu: kasi ya wateja kuwasili, muda wa kumhudumia kila mmoja, na idadi ya wahudumu. Langoni mwa shule, mteja ni gari. Huduma ni kuitwa kwa mtoto, kutoka kwake darasani, kutambuliwa kwa anayemchukua, na kupanda garini. Mhudumu ni nafasi ya kupakilia. Shule yenye nafasi moja tu ina mhudumu mmoja, hata kama ina walimu thelathini.

Kwa nini foleni huongezeka ghafla

Tuseme lango lina uwezo wa kuhudumia gari moja kwa dakika, na kwamba magari huja kwa nasibu, wala muda wa kuyahudumia haulingani. Yakija matano kila dakika kumi, kwa wastani kutakuwapo gari 1 tu langoni. Yakija manane, wastani huwa magari 4. Yakija tisa, wastani hupanda hadi 9. Na yakifika tisa na nusu, wastani huwa magari 19. Tazama jambo hili kwa makini: kutoka nane hadi tisa na nusu ni nyongeza ndogo, lakini foleni imekua karibu mara tano. Ndiyo maana shule iliyozoea utulivu huweza kuingia katika vurugu muhula mmoja tu baada ya kupokea wanafunzi wachache zaidi.

Hali halisi ya shule ni mbaya kuliko hiyo, kwa sababu magari hayaji kidogo kidogo; huja yote kwa wakati mmoja. Magari 60 yakiwapo kengele inapolia, na kila moja likichukua dakika moja, la mwisho litaondoka baada ya saa nzima, na wastani wa kungoja utakuwa karibu nusu saa.

Kuwahi hakupunguzi foleni

Mzazi mwenye busara huamua kuja mapema ili awe wa mbele. Mwanauchumi William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, aliuchambua mwenendo wa namna hii katika makala yake ya mwaka 1969 juu ya misongamano ya barabara. Kila mmoja akiwahi ili kumtangulia mwenzake, lango halipati uwezo mpya hata chembe. Kinachobadilika ni kwamba foleni huanza mapema zaidi. Magari hujipanga hata kabla ya kengele, huziba njia ya mabasi, na anayeingia kazini hadi alasiri hubaki nyuma daima. Kumbe mwenendo unaomfaa mmoja huwadhuru wote, wala hauwezi kurekebishwa kwa kuhimizana tu. Hurekebishwa kwa kubadili utaratibu.

Hatua zinazowezekana

Hatua ya kwanza ni kugawa muda. Katika mfano wetu, nusu ya madarasa yakitoka saa 8:00 mchana na nusu nyingine saa 8:30, kila kundi la magari 30 litamalizika ndani ya nusu saa, na wastani wa kungoja utashuka hadi karibu dakika 15. Hakuna tofali lililojengwa, wala shilingi iliyotumika.

Hatua ya pili ni kuongeza nafasi za kupakilia. Magari matano yakipakia kwa pamoja kando ya ukuta wa shule, hata kama kila kundi litachukua dakika mbili kwa kumngoja aliye mzito kuliko wote, magari 60 yatamalizika kwa dakika 24.

Hatua ya tatu ni kutenganisha kazi. Sehemu kubwa ya dakika ile moja hupotea kwa kumtafuta mtoto. Kila familia ikipewa kadi yenye namba, mwalimu mmoja akazisoma namba hizo mwishoni mwa foleni na kuzipeleka ndani, mtoto atakuwa amekwisha simama mahali pake gari linapofika. Kadi hiyo ina faida nyingine iliyo kubwa kuliko kuokoa muda: asiye nayo hakabidhiwi mtoto mpaka ofisi ithibitishe. Katika kelele na haraka, mtu yeyote ajuaye jina la mtoto anaweza kuondoka naye.

Wanaolipa gharama ya vurugu

Mwenye gari hupoteza muda na subira. Anayetembea kwa miguu huweza kupoteza maisha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kusababisha vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Magari yaliyoegeshwa ovyo mbele ya lango humlazimisha mtoto kupita barabarani, tena humficha asionekane. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja, kabla hata dereva hajakanyaga breki. Likienda kilomita 30, mwendo huo ni mita 8 tu, na umbali wa kusimama baada ya breki hupungua hadi karibu theluthi moja.

Jambo hili limekwisha jaribiwa hapa Afrika. Shirika la Amend, likianzia Dar es Salaam, lilipima mazingira ya shule na kuweka njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko, na pengine kuhamisha lango kutoka barabara kuu. Uchunguzi ulionyesha kuwa majeruhi walipungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji. Basi lango la waendao kwa miguu na litengwe na lango la magari, nao watoke kwanza, kabla gari lolote halijaruhusiwa kusogea.

Kupima kabla ya kuamua

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyepesi: wastani wa idadi iliyomo katika foleni ni sawa na kasi ya kuwasili mara wastani wa muda wa kukaa humo. Ikiwa kwa kawaida yapo magari 18, na huja moja kila dakika, basi kila gari hukaa dakika 18. Kwa saa ya mkononi, daftari na kalamu, wanafunzi wa darasa la saba wanaweza kupima lango lao kwa juma moja, wakiwa wamesimama ndani ya uzio. Takwimu hizo zikifikishwa mbele ya kamati ya shule, mabishano juu ya nani mkorofi yatakwisha, na mazungumzo yataanza juu ya jambo linaloweza kurekebishwa.