Programu za afya ya akili: Mitaji imeyeyuka, wateja bado wapo

Na Mwandishi Wetu

BIASHARA ya programu za afya ya akili kwa njia ya intaneti, ambayo miaka michache iliyopita iligombewa na wenye mitaji wa Marekani, sasa imewekwa kwenye mizani. Baadhi ya kampuni zilizotamba zimefilisika au kuondoa bidhaa zao sokoni, huku wanunuzi wakubwa, yaani serikali, mifuko ya bima na waajiri, wakidai uthibitisho kabla ya kufungua pochi.

Bidhaa yenyewe si ngeni. Mtu mzima mwenye msongo, wasiwasi au sonona hufungua kompyuta au simu yake, akasoma masomo mafupi, akafanya mazoezi ya kuchunguza fikra zinazomwelemea na kujaza maswali ya kupima maendeleo yake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kilianzisha programu ya MoodGYM mwaka 2001. Nchini Uingereza, NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya taifa, ilipendekeza programu ya Beating the Blues mwaka 2006.

Kilichowavutia wenye mitaji ni hesabu. Saa za mtaalamu mmoja huisha, lakini programu ikishatengenezwa, kumhudumia mteja wa elfu moja hakuongezi gharama kubwa. Na wahitaji ni wengi: Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalieleza mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1 za Marekani.

Kwa hesabu hiyo bei za kampuni zilipaa. Calm ilithaminiwa dola bilioni 2 mwaka 2020. Mwaka uliofuata Headspace iliungana na Ginger kwa thamani ya dola bilioni 3, na Talkspace ikaingia soko la hisa kwa thamani ya dola bilioni 1.4.

Anguko halikukawia. Pear Therapeutics, iliyouza programu za kutibu utegemezi wa dawa za kulevya na tatizo la kukosa usingizi, iliingia soko la hisa Desemba 2021 ikiwa na thamani ya takriban dola bilioni 1.6. Ilikuwa na kibali cha serikali ya Marekani, lakini mifuko ya bima ilisita kulipa. Aprili 2023 iliomba kufilisiwa, na mali zake zikauzwa kwa dola milioni 6 hivi. Teladoc, inayomiliki BetterHelp, ilifuta dola milioni 790 za thamani ya biashara hiyo katika vitabu vyake mwaka 2024. Woebot nayo ilifunga programu yake ya mazungumzo Juni 2025.

Tatizo liko wapi?

Jibu moja ni kwamba wateja huanza na hawamalizi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015 ulihusisha wagonjwa 691 wa sonona. Waliopewa Beating the Blues au MoodGYM pamoja na huduma ya kawaida ya daktari hawakupata nafuu kuliko waliopata huduma hiyo peke yake. Ni asilimia 18 tu waliomaliza vipindi vyote vya programu ya kwanza, na asilimia 16 ya pili.

Hali hubadilika anapoongezwa binadamu. Watafiti hao hao walionyesha mwaka 2017 kwamba MoodGYM ikiambatana na msaada wa simu uliopangwa vizuri ilileta nafuu zaidi baada ya miezi minne. Nchini Lebanon, WHO ilijaribu programu iitwayo Step-by-Step, yenye vipindi vitano, ambapo msaidizi asiye daktari lakini aliyefundishwa huzungumza na mteja kama dakika 15 kwa wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha nafuu kwa Walebanoni na kwa wakimbizi wa Syria. MindSpot ya Australia, inayolipiwa na serikali tangu mwishoni mwa 2012, nayo hutumia wataalamu wanaowasiliana na wateja.

Hapo ndipo hesabu za wenye mitaji zilipogonga mwamba. Kinachoifanya bidhaa ifanye kazi ni mshahara wa msaidizi, na mshahara huo ndio walioutaka usiwepo.

Kwa sababu hiyo mnunuzi anabadilika. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 2019 inayomruhusu daktari kuandika programu kama anavyoandika dawa, na mfuko wa bima ukalipa. Mtengenezaji hujipangia bei mwaka wa kwanza, kisha hana budi kuleta uthibitisho na kujadiliana. Teladoc nayo ilinunua kampuni ya UpLift mwaka 2025 kwa dola milioni 30, ili kufikia wateja wanaolipiwa na bima.

Waajiri, ambao ni wanunuzi wengine wakubwa, nao wana la kujiuliza. Uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Oxford wa mwaka 2024, uliohusu wafanyakazi 46,336 wa Uingereza, haukuona kwamba waliotumia programu za ustawi na mafunzo ya kuhimili msongo walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao. Mfanyakazi anayelemewa na zamu ndefu na mshahara unaochelewa hatapona kwa somo la kuvuta pumzi.

Lipo pia suala la siri. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki BetterHelp kwa kuzipa kampuni za matangazo, ikiwemo Facebook, taarifa za wateja walioahidiwa faragha. BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 bila kukiri kosa.

Kwa meneja wa Dar es Salaam au Nairobi anayeletewa bidhaa hii mezani, maswali ni manne. Je, kuna mtu anayempigia mteja simu, na anazungumza Kiswahili? Kati ya walioanza, wangapi walimaliza? Taarifa za mfanyakazi zinahifadhiwa wapi, na je, mwajiri anaweza kuziona? Na mfanyakazi akisema anataka kujiua, nani anapokea ujumbe huo, saa ngapi?

Muuzaji asiye na jibu la swali la mwisho asipewe mkataba, hata akipunguza bei. Gharama ya kukosea hapo haitalipwa na kampuni yake, bali na mfanyakazi wako na familia yake.