Kumbi za ndani: Kamere yaweza kujifunza nini kutoka Kigali?

KIJANA wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, aghalabu hujifunza voliboli kwenye uwanja wa udongo. Mvua ikinyesha, mazoezi hukatizwa. Akitaka kuchezea ukumbi wa hadhi ya kimataifa, sharti asafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Kasarani, Nairobi.

Ukumbi wa Kasarani, wenye nafasi ya watazamaji 5,000 hivi, ulijengwa kwa minajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Humo ndimo Malkia Strikers walimotwaa ubingwa wa Afrika wa voliboli mwaka 2013 na 2015. Hata hivyo, Wakenya wengi huujua zaidi kwa makongamano ya vyama vya kisiasa.

Mbona kumbi kama hizi ni adimu? Jibu li katika paa. Kiwanja cha mpira wa vikapu kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ukiongeza viti pande zote, paa hulazimika kuvuka umbali mrefu bila nguzo katikati. Mashindano ya dunia ya voliboli nayo hudai nafasi tupu ya mita 12.5 juu ya kiwanja. Chuma, taa na mitambo ya hewa huzidisha gharama.

Kwa sababu hiyo, ukumbi hauwezi kutegemea michezo pekee. Mjini Stockholm, Uswidi, jumba la Globe lililofunguliwa 1989, na kuitwa Avicii Arena tangu 2021, huandaa magongo ya barafuni pamoja na tamasha za muziki. Rwanda ilifuata mkondo huo: BK Arena ya Kigali, yenye nafasi 10,000, ilifunguliwa Agosti 2019. Msimu wa kwanza wa Ligi ya Vikapu ya Afrika ulichezewa humo mwaka 2021. Desemba 2023, mwanamuziki Kendrick Lamar alitumbuiza papo hapo.

Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa ligi hiyo, ilicheza mechi zake za makundi Kigali mwaka 2025.

Kamere haihitaji jumba la watu 10,000. Paa imara, sakafu nzuri na taa zingetosha kuwapa vijana mazoezi mwaka mzima, na wakazi mahali pa harusi, mikutano na muziki. Ukumbi usiokodishwa hugeuka mzigo kwa mlipa kodi. Utumikao kila juma hujilipia sehemu ya gharama zake.