Nguzo Isiyo na Sura ya Mutu



Vijana wanatuuliza mara nyingi juu ya sanamu za mijini zisizofanana na kitu: pembe tu, duara, vyuma vilivyopangwa. Si mutu, si nyama. Basi inasema nini? Ni ulizo nzuri. Tutajibu kwa kutazama moja tu, katika mji wa Târgu Jiu, inchi ya Romania, kule Ulaya.

WAFU WA MTO JIU

Mwezi wa 10, mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, maaskari wa Ujerumani walifika kwenye daraja la mto Jiu. Wazee, wamama na vijana njo walisimama pamoja na maaskari wachache kulinda mji wao. Watu wengi wa Romania walikufa katika vita ile.

Miaka ikapita. Chama cha wamama wa jimbo, wakiongozwa na Arethia Tătărescu, wakasema: wafu wetu wasisahauliwe. Wakamwita Constantin Brâncuși, mwana wa wakulima, aliyezaliwa 1876 katika kijiji cha Hobița, si mbali na pale. Wakati ule alikuwa fundi wa sanamu mwenye jina kubwa kule Paris. Alikubali kazi, lakini malipo alikataa.

Watu wangeweza kungojea askari wa shaba mwenye bunduki. Yeye alisimamisha nguzo.

KAZI YA WATU WA MIGODI

Vipande vya nguzo hii viliyeyushwa Petroșani, mji wa migodi ya makaa ya mawe, katika viwanda vya kutengeneza mashini za migodi. Injinia Ștefan Georgescu-Gorjan aliongoza kazi. Kila kipande kina urefu wa mita 1,80: chembamba chini, kinapanuka katikati, kisha chembamba tena. Vilivishwa juu ya nguzo ya ndani, kama shanga kwenye uzi: 15 vizima, na nusu moja kila upande. Kisha vikapakwa shaba iliyochanganywa na zinki, mali ambazo sisi wa Katanga tunazijua vizuri. Mwaka 1938 kazi ikaisha, karibu mita 30 kwenda juu.

Kule juu inakatika katikati ya kipande, kama vile bado inaendelea. Njo maana inaitwa Nguzo Isiyo na Mwisho. Tena haina sura. Kama ingekuwa na sura ya jenerali, ingekuwa ya jenerali. Sasa mama yeyote aliyepoteza mutoto anaweza kusema: hii ni ya wangu.

WALITAKA KUIFANYA MITRAYE

Katika miaka ya 1950, wakubwa wa serikali ya kikomunisti waliona pale chuma tu. Husimuliwa kwamba waliifunga kamba, wakaivuta kwa trakta ili iyeyushwe. Haikuanguka. Ilitengenezwa upya, kazi ikaisha mwaka 2000. Na mwaka 2024 UNESCO iliiandika, pamoja na kazi zingine za Brâncuși mjini pale, kuwa urithi wa dunia.

Ndugu, hata kwetu vyuma vinapimwa kwa kilo. Nyaya za umeme zinakatwa usiku, hata msalaba wa kaburi unaweza kwenda kuuzwa mitraye. Anayeuza anapata chakula cha siku moja. Lakini mutoto wa yule marehemu ataonyeshwa nini kesho?

MAWE YA YORDANI

Wengine wanaogopa: je, hii si ibada ya sanamu? Tusome Yoshua 4. Waisraeli walitoa mawe 12 mtoni Yordani, yasiyochongwa sura yoyote, yakasimamishwa Gilgali. Hakuna aliyeyapigia magoti. Yaliwekwa ili watoto waulize, na baba zao wajibu. Jiwe halina kinywa. Mzazi akinyamaza, linabaki jiwe. Na nguzo inabaki chuma, bei yake ni ya kilo.

Wazazi, msingoje kuulizwa mara mbili.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika mji wetu kuna ukumbusho gani, na ni wa nani?
2. Ni nani katika jamaa yetu alikufa kazini au vitani, na watoto wanajua jina lake?
3. Tukiletewa kitu cha chuma tununue, tunauliza kimetoka wapi?