2x3 kwenye bahasha ya dawa sio sita!

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuache habari za mtaji kidogo.

Mimi nauza nyanya na vitunguu. Hesabu za kichwa naziweza, ila kusoma nilikuwa sijui. Siku moja nikapewa dawa, bahasha imeandikwa 2x3. Kwa muuza nyanya hiyo si sita? Nikameza sita asubuhi kwa mkupuo, nikawahi gengeni. Saa nne natapika. Genge likafungwa siku tatu, nyanya zikaoza. Aliyenipa dawa hakunielekeza, na mimi niliona aibu kuuliza.

Kumbe ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Ukianza saa 12 asubuhi, unafuata saa 8 mchana, halafu saa 4 usiku.

Ile dawa ya mseto ya malaria, mtu mzima anameza 4x2 kwa siku 3, jumla vidonge 24. Wengi homa ikishuka tunaweka vingine akiba (hiyo akiba haina faida jamani!), kumbe vimelea bado vipo.

Baadaye nilijiunga na darasa la watu wazima. Hapa Tanzania kuna mpango wa MUKEJA, muulize afisa elimu kata wako. Siku hizi nasoma hadi EXP kwenye pakiti kabla sijalipa.

Kama bado hujui kusoma, usiondoke dirishani. Uliza: vingapi, mara ngapi, siku ngapi? Rudia kwa sauti akusikie. Mwambie akuchoree jua na mwezi kwenye bahasha.